Tundu Ambalo Hukuniambia

Mama mpendwa,

Goti linaendeleaje? Mmeshapalilia mahindi? Na Baba, anameza dawa zake za presha ama bado anazificha? Nawawaza sana.

Mimi nakuandikia nikiwa nimelazwa hapa Nakuru. Kwa simu ningelia tu.

Baada ya kung'olewa lile jino lililokuwa likiniuma, nilianza kupata homa. Kliniki moja ya Karagita, karibu na shamba la maua ninakofanya kazi, iliniambia ni taifodi. Nikameza dawa, homa ikatulia, ikarudi. Kila asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho. Niliendelea kwenda kukata maua hadi siku nilipoanguka katikati ya waridi, wenzangu wakanibeba.

Daktari wa hapa alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu, kisha nikapigwa picha ya moyo.

"Consolata, ulijua ulizaliwa na tundu kwenye moyo?"

Mama, nilicheka. Nilidhani amechanganya faili.

"Mimi? Daktari, nimelima na kubeba maji tangu utotoni!"

Akanieleza polepole. Viini vya ugonjwa viliingia kwenye damu, pengine kupitia lile jino, vikashika vali ya moyo karibu na hilo tundu. Nitawekewa dawa kwenye mshipa kwa wiki sita, halafu wataamua kama nitapasuliwa.

Jumapili Shangazi Ruth akaja kuniona. Nilipomwambia, hakushangaa. Aliangalia chini.

"Kwani mama yako hakukuambia? Waligundua ukiwa mtoto mchanga. Aliogopa utakosa wa kukuoa."

Miaka thelathini na moja, Mama! Nimezaa na tundu hilo. Nimeng'olewa jino nalo, wala sikujua kwamba kuna kitu cha kumwambia daktari wa meno.

Sijui kama nimekasirika. Bado siamini. Kila muuguzi anauliza historia yangu, nami sina jibu. Ile kadi yangu ya kliniki, kama uliitunza, tafadhali njoo nayo. Uje wewe mwenyewe. Nataka nisikie kutoka kwako.

Homa imeshuka tangu juzi, na jana nilimaliza uji wote.

Nisalimie Baba, nyanya, na kaka yangu Wycliffe na mkewe. Binti yangu Neema akiniulizia, usimwambie niko kazini. Mwambie ukweli, kwamba mama yake ni mgonjwa wa moyo na anatibiwa.

Ni mimi mtoto wako,
Consolata