Mpaka Presha ya Mavyaa Itulie

Alhamisi, 1 Agosti 1974

Mke wa mtu! Mwezi mzima sasa, na bado nikilitamka neno hilo nacheka peke yangu. Mke wa Nassibu. Nassibu, Nassibu, Nassibu — hapa kwenye daftari namwita nitakavyo. Mbele ya mama yake nasema "mwanao", ndiyo adabu. Na huyo mwanawe yuko Mlimba, kwenye Reli ya Uhuru, anafungua injini na Wachina, na mie niko Mtoni nanusa shati lake. Halijafuliwa. Silifui!

Tulikubaliana nimfuate mara akipata chumba. Lakini wiki iliyopita mavyaa, mama yake huyo, alianguka uani akichota maji. Zahanati wakasema ni presha. Leo daktari kaniita pembeni kwa kuwa nimesoma. Ipimwe nyumbani, asubuhi na jioni. Ikishuka mpaka mia na arobaini kwa tisini, ikatulia hapo, naweza kusafiri. Isiposhuka, asiachwe peke yake.

Mavyaa hana binti. Ana Nassibu, na sasa ana mie.

Ee presha, shuka! Nina mume wa kumpikia.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumepata mashine! Nimekwenda mjini na Nesi Yustina, jirani yetu, mtu wa Masasi, hacheki ovyo. Duka la dawa lilikuwa nazo mbili tu. Moja ya zebaki, sanduku zito lenye bomba refu la kioo. Nyingine ya saa, ndogo, ina mshale, inaingia kwenye kikapu. Mzee wa duka kasema ya zebaki haidanganyi lakini ikianguka imekufa. Ya saa hubebeka popote, ila mara kwa mara ipelekwe ikalinganishwe na ya zebaki.

Hubebeka popote! Nikaishika hiyo, siiachi. Yustina kaniangalia.

"Mauwa, unanunua ya kumpima mkweo au ya kupandia treni?"

Nikaona haya mpaka masikio. Lakini kasema sawa, ya saa itafaa, atailinganisha yeye mwenyewe na ya zahanati. Ugomvi wake ulikuwa mkanda. Mkono wa mavyaa mnene, na mkanda mwembamba ukibana mkono mnene unatoa namba kubwa ya uongo. Mzee wa duka akapekua makabati yote mpaka ukapatikana mpana. Vumbi! Ningempa mkono wa Idi yule mzee.

Jumatatu, 5 Agosti

Kumpima mavyaa ni kazi. Kwanza hataki kunivulia mkono. Kasema mkaza mwana haoni kwapa la mavyaa wake, hata kwao Kilwa hawajasikia. Nikafunga mkanda juu ya khanga. Yustina akaingia, akaufungua: khanga hapana, mkono wazi, usawa wa moyo, miguu chini, asiseme neno.

Asiseme neno! Mavyaa huyu!

Tukapatana. Anajifunika uso kwa khanga ili asinione nikimwona. Ndipo nikajaza upepo, nikaachia taratibu, nikasikiliza kwenye mipira ya masikioni. Kimya... kimya... halafu du, du, du. Moyo uliozaa moyo wangu! (Yustina angenicheka.) Pigo la kwanza ndiyo namba ya juu, pale linapopotea ndiyo ya chini. Mia na themanini kwa mia na kumi.

Chumvi nimepunguza leo leo. Mavyaa kaonja mchuzi, kaweka kijiko. "Haya ni maji ya kuogea maiti."

Ijumaa, 9 Agosti

Mtaa mzima umesikia. Baada ya sala ya Ijumaa wamejaa barazani, mikono imekunjuliwa kama wanagawiwa sukari. Mzee Fakihi, balozi wetu wa nyumba kumi, kaja na kofia yake ya chama. Nikamwambia kwa heshima, "Shikamoo mzee, mashine hii ni ya mgonjwa."

"Marahaba. Mashine ya mgonjwa mmoja ni ubepari, mwanangu. Funga hapa."

Nikafunga. Presha yake nzuri kuliko yangu! Akaondoka anatembea kifua mbele, anamwambia kila mtu kwamba siasa haipandishi presha. Mavyaa alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni nikapima: mia na sitini na tano. Inashuka, Nassibu wangu! Inashuka kuja kwako!

Jumatano, 14 Agosti

Mia na hamsini kwa tisini na tano. Vidonge anameza, mchuzi anaulaani lakini anakunywa. Kaniita "mwanangu" leo, si "mkaza mwana". Nimeshona foronya mbili. Moja nimetarizi N, nyingine M. Sina la kuandika ila hilo. Usiku huu ningetaka mtu wa kuzigombea foronya.

Jumapili, 18 Agosti

Romani kaja! Anafanya kazi na Nassibu, kaletwa Dar na vipuri. Ana harufu ya grisi ileile. Nilimsogelea kuliko ilivyo adabu, Mungu anisamehe.

Chumba kimepatikana! Kina dirisha la kuangalia reli. Nassibu kakipaka chokaa mwenyewe, kachonga na kitanda. Romani anasema kitanda kimekaa upande, mtu akilala anatereza. Basi nitaterezea kwake! Lakini vyumba ni vya wenye familia, na foleni ni ndefu. Mwezi ukiisha mke hajaonekana, anapewa mwingine. Romani anarudi Jumapili ijayo na treni ya jioni, anaweza kunisindikiza.

Yote haya kayasema barazani, na mavyaa alikuwa anachambua mchele papo hapo. Akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu kapata dari." Akaendelea kuchambua.

Jumatatu, 19 Agosti

Mia na themanini na tano.

Nimepima mara mbili. Mkanda sawa, mkono sawa. Chumvi hakuna, nimeonja mwenyewe.

Jumatano, 21 Agosti

Mia na tisini. Nimelia jikoni, nikasingizia kitunguu. Mavyaa kanitazama, hatukuwa na kitunguu.

Alhamisi, 22 Agosti

Jambo la ajabu. Asubuhi nilikwenda foleni ya sukari duka la ushirika, nikachelewa. Yustina akapita akampima mavyaa kwa niaba yangu. Mia na thelathini na nane kwa themanini na nane! Nikaangusha kikapu. Nikampima mie palepale, Yustina akinisimamia, hakunikosoa popote. Mia na themanini.

Mashine ileile. Mkono uleule.

Yustina akaipeleka zahanati ikalinganishwe na zebaki. Haina kasoro. Karudi kasimama mlangoni, kasema kwa sauti ndogo kwamba watu wengine presha hupanda wakimwona daktari. "Huyu inampanda akikuona wewe."

Nikamuuliza basi namba ipi ni ya kweli.

"Zote mbili. Hiyo ndiyo shida."

Ijumaa, 23 Agosti

Daktari kasikiliza mpaka mwisho. Kasema ya Yustina inaonyesha dawa inafanya kazi. Yangu inaonyesha atakavyokuwa kila akifikiria kuachwa. Yustina yuko tayari kulala kwa mavyaa, na Mzee Fakihi kaapa nyumba kumi zote zitampikia kwa zamu. Daktari hanizuii wala hanitumi. "Kaongee naye, mama." Mama! Nina miaka ishirini.

Nassibu, ungefanyaje? Ungeniita. Najua. Na kisha usingelala.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimemuuliza. Nilikuwa namsuka, si rahisi kumtazama mtu usoni maneno kama haya.

"Mama, mbona nikikupima mie inapanda?"

Kainamisha kichwa nifikie kisogo. Halafu: "Hicho kipira chako. Ukikibinya kinafanya fuu, fuu, fuu. Akikibinya Yustina nasikia kipira. Ukikibinya wewe nasikia garimoshi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwanaume kwenda, nimezoea. Baba yake alikwenda mkonge, nikazoea. Mtu wa kunisuka sijawahi kuzoea, ndio kwanza nimempata."

Nikasuka. Sikuona njia ya kisogo kwa machozi, mistari imepinda yote. Akapapasa kichwa, akasema atajitanda khanga.

Jumapili, 25 Agosti

Asubuhi sikupima. Nimefunga sanduku, nimelifungua, nimelifunga.

Alasiri. Mavyaa kaja chumbani kwangu kabeba mashine yeye. Kasema, "Leo napima mie. Kaa." Kanifunga mkanda mkono wa kushoto, umenipwaya, kauzungusha mara mbili. Nikataka kusema kitu. "Shh! Tulia kwanza kama unavyonituliza mie." Basi naandika kwa mkono wa kulia huku nikitulia.

Kavaa mipira masikioni. Kageuza mbele nyuma, nimemrekebishia.

Kajaza upepo. Fuu, fuu. Kafunga macho. Haangalii mshale, kasema namba hazijui.

Sasa anasikiliza. Nilimwonyesha kiskrubu cha kuachia upepo, kidole chake kipo juu yake. Hakizungushi. Mkono unaanza kufa ganzi. Romani anapiga hodi uani, sanduku liko mlangoni, na mavyaa kanishika kiwiko, katikisa kichwa niache kuandika, asikie vizuri, maana anasema moyo wangu umesema jina la mwanawe, sasa anataka kusikia kama utataja na la mama yake —