Nordli ni Yako, Gro

Kibandani kwa Knut, 9 Septemba 1771

Mdogo wangu Gro,

Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na shemeji Jens, na kile kikohozi kilichokusumbua majira ya baridi kiwe kimekwisha. Watoto hawajambo? Yule wa tatu ameanza kutembea? Nilisikia ana nywele nyekundu kama za marehemu mama, nikacheka peke yangu zizini. Mimi mwili mzima, ila mgongo unaniuma kwa kulala sakafuni.

Usishangae kuona nakuandikia kutoka kibandani kwa Knut, mpangaji wetu. Kwetu sina tena. Kaka yetu Tarjei amenitoa. Wifi yetu Åse alikitaka chumba changu kwa ajili ya mama yake, basi nikarudi kutoka kukamua nikakuta sanduku langu, mablanketi yangu na chombo changu cha kusokotea sufu vimetupwa uani kwenye matope. Nilimwambia Tarjei kwamba chumba kile nilipewa na baba. Akacheka, mbele ya wasichana wa maziwa, akasema, "Nionyeshe palipoandikwa." Alisema hivyo akinikazia macho, naye anajua vizuri kwamba maandishi yale aliyachoma kwa mkono wake.

Ndiyo, Gro. Baba aliacha wosia. Wewe uliambiwa kwamba alikufa bila kuandika kitu, na kwamba hata jina lako hakutaka lisikike, kwa sababu ulimkimbilia fundi wa mashua asiye na ardhi hata ya kuzikiwa paka. Huo ni uongo, na mimi niliunyamazia miaka miwili.

Mwezi mmoja kabla ya kufa, theluji ilipomzuia mchungaji kufika, baba aliniambia nichukue kalamu. Knut alikuwa ameleta kuni, akaamriwa akae awe shahidi. Baba akasema Tarjei apate nyumba na mashamba ya bondeni. Mimi nipate chumba cha upande wa kaskazini maisha yangu yote, ng'ombe mmoja na kondoo wanne. Nawe upate Nordli, mteremko wote hadi malisho ya kiangazi, pamoja na kibanda na ghala la nyasi. Kisha akaniambia niongeze maneno, nami niliyaandika kama alivyoyatamka: "Gro nilimfukuza kwa hasira zangu, si kwa kosa lake." Akabandika muhuri wake kwenye nta, mimi nikimshikia mkono.

Siku ya tatu baada ya maziko, Tarjei aliusoma ule wosia amesimama karibu na jiko. Alisema shamba letu la Haugland halikatwikatwi kama jibini, akautia motoni. Akaniambia nikifunga mdomo chumba ni changu na ng'ombe watakuwa wawili. Nikaufunga.

Jumapili iliyopita nikaufungua. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wamejaa kwenye kilima cha kanisa wakizungumza habari za nyasi, na Tarjei yuko katikati amevaa koti la vifungo vya fedha, anasifiwa kwa uzuri wa ng'ombe walionenepea kwenye ardhi yako kule Nordli. Damu ilinipanda kichwani. Nikamwita kwa jina lake lote, nikasema kwa sauti kwamba yeye ni mwizi, amemwibia mdogo wake mwenyewe, na ameuchoma wosia wa marehemu baba yake.

Tarjei akatabasamu. "Dada yangu amekosa mume, sasa amekosa na akili," akasema. "Msameheni." Wengine wakacheka. Åse akanivuta shali, akanong'ona, "Wifi, unajiaibisha. Twende ukanywe uji." Uji! Aliyenitupia sanduku langu matopeni! Nikauondoa mkono wake kwa nguvu hadi akapepesuka.

Hapo Knut akavua kofia. Unamjua Knut, mtu wa kusema maneno matano kwa mwaka. Akasema, "Nilikuwepo." Tarjei akamgeukia, akamuuliza anakumbuka analala katika ardhi ya nani. Knut akajibu, "Nakumbuka. Na watoto wangu sita wanalala hapohapo. Lakini nilikuwepo, na mzee alisema Nordli ni ya Gro." Hakuna aliyecheka tena. Afisa wa mfalme alikuwa palepale kwenye ngazi za kanisa. Akatuambia mimi na Knut tuje kuapa barazani, mbele ya hakimu, Jumatatu ya pili ya Oktoba.

Sasa nisikilize, maana sehemu hii nimeiandika na kuichana mara tatu. Unajiuliza wosia ulifikaje mikononi mwa Tarjei. Hakuupata kwa kupekua. Baba alinikabidhi mimi niutunze, nami nikaupeleka kwa Tarjei kwa miguu yangu, bila kuombwa, nikijua atakachofanya.

Na kuna kubwa zaidi. Baba alikuita, Gro. Siku nane za mwisho alikuwa akiniuliza asubuhi na jioni kama umejibu. Nilimwambia barua imekwenda, barabara ni mbaya. Sikuandika barua yoyote. Miaka tisa nilimlisha, nikamwosha, nikamgeuza kitandani, nikatukanwa uji ukipoa. Na mwisho wa yote aliyemlilia ni wewe, uliyeondoka na kuniachia mzigo wote. Nilikuchukia. Alikufa akiutazama mlango, mimi nimekaa kati yake na huo mlango.

Wala usidhani nimegeuka mwema. Tarjei angeniachia chumba changu, ningekuwa kimya mpaka leo. Najikasirikia kuliko ninavyomkasirikia yeye, na yeye namkasirikia hadi meno yananiuma.

Barazani nitayasema yote, hata ya mkono wangu. Wakinifunga, wanifunge. Lakini maneno yangu na ya Knut hayatatosha kama mwenye haki hayupo. Njoo na Jens, njooni kabla ya theluji. Usije kwa ajili yangu. Ukinikuta pale usinisalimie kama hutaki. Simama tu mbele ya Tarjei useme unataka kilicho chako. Na Knut akifukuzwa, umpe pa kuweka watoto wake huko Nordli. Hilo ndilo ombi langu la pekee.

Nisalimie shemeji Jens, mwambie nilimsema vibaya bila kumjua. Wabusu watoto, na yule wa nywele nyekundu mara mbili. Mke wa Knut anakusalimu. Baba alikupenda, nimechelewa kukuambia.

Ni mimi, dada yako,
Birgit Aslaksdotter