Kioo cha Gari la Shemeji

Temeke, Jumapili usiku

Mkono bado unaniuma, lakini Zuhura wangu kalala salama.

Shemeji alimfungia mtoto garini, juani, funguo zikabaki ndani. Wanaume wakagonga kioo katikati kwa jiwe, likadunda tu. "Taratibu, vioo havipatikani!" akafoka shemeji. Vioo! Na mwanangu kalegea kule nyuma?

Nikachukua mbuzi ya kukunia nazi. Shuleni nafundishaga: nguvu ileile, ikikusanyika kwenye ncha ndogo, hupenya zaidi. Na kioo cha mlangoni udhaifu wake uko pembeni. Nikalenga pembe ya dirisha la mlango wa mbele, meno ya chuma yakitangulia. Pigo moja, kikamwagika chote kama chumvi ya mawe.

Shemeji, anayesemaga fizikia haimfai mwanamke, alinipokea mbuzi kwa mikono miwili.

"Pole, mwalimu."

Miaka yote ananiitaga "wewe".