Mtu wa Mlangoni

Reykjavik, 22 Februari 1985

Mdogo wangu Sölvi,

Salamu nyingi kutoka kitandani. Mimi sijambo: mgongo umepasuliwa na kushonwa, na sasa wananifundisha kutembea kama mtoto wa mwaka mmoja. Sijui nyie hali zenu huko. Ningepiga simu, lakini simu ya hapa iko koridoni na wagonjwa wote wana masikio.

Mama ameniandikia. Anasema jua limerudi juu ya mlima tarehe kumi na nane, baada ya kufichwa majira yote ya baridi, mkanywa kahawa ya kulikaribisha kwa chapati za maji kama kila mwaka. Vizuri sana. Halafu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, anasema Svala wa Eyjólfur mwenye duka alikuwepo, akakalia kiti changu, na kwamba siku hizi ndiye anayekaa mlangoni juu kukulinda ukishuka kusafisha tangi la samaki kiwandani.

Sölvi, mlango ule nimekaa mimi miaka kumi na mmoja. Wewe chini unakwangua masalio ya samaki, mimi juu naimba mashairi ya babu, wewe unaitikia kibwagizo. Kiwanda kizima kilikuwa kinatucheka na kutusikiliza. Sasa mtu kalala wiki sita tu, nafasi yake kapewa msichana aliyekuwa akipima soksi dukani kwa baba yake. Sisemi nina wivu. Nasema tu chakula hakinipiti kooni tangu barua ya Mama ifike.

Anajua nini huyo? Niandikie upesi.

Kaka yako,
Ketill


3 Machi

Kaka Ketill,

Shikamoo, na pole na mgongo. Sisi wazima. Mama naye mzima, ila anapika kana kwamba bado uko, kwa hiyo mimi nala soseji za maini siku ya tatu leo.

Umeniuliza Svala anajua nini. Wale wawili waliokufa kwenye tumbo la meli mwaka jana, kule kaskazini, ndio waliomleta. Wakaguzi walisema kila kiwanda kipeleke mtu akafundishwe, Gestur msimamizi akauliza nani anataka kwenda, na wanaume wote tukaangalia viatu vyetu. Yeye akanyoosha mkono.

Sasa anakuja na kipima hewa, anakishusha kwa kamba hadi sakafuni kabla mguu wangu haujagusa ngazi. Anasema gesi ya samaki waliooza ni nzito, inalala chini. Sisi tulikuwa tunanusa. Wewe ulikuwa unaniambia harufu ya mayai mabovu ikipotea, tangi limeshakuwa safi. Svala anasema ni kinyume: ikizidi inaua pua kwanza, hunusi kitu, halafu inakumaliza wewe. Nikaanza kuhesabu siku ambazo hatukunusa kitu.

Ananivika mikanda ya mabegani, kamba inakwenda kwenye winchi ya mkono juu ya mlango. Feni inasukuma hewa. Kila dakika mbili ananiita jina, naitika "niko". Hanywi kahawa mimi nikiwa ndani. Vijana wanakuja kumtania, hageuzi hata shingo.

Nimekwambia ili ulale vizuri, si kukukera.

Mdogo wako,
Sölvi


9 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi sijalala.

Kila dakika mbili anakuita jina. Mke wangu hakuniita mara nyingi hivyo katika ndoa nzima, labda ndiyo maana aliondoka. Kahawa hanywi, shingo hageuzi. Endelea tu kumsifia, nesi ananiuliza kwa nini mapigo ya moyo yamepanda.

Sasa nikuulize na mimi. Mwaka sabini na tisa ulipoanguka mle ndani, nani aliingia? Hakukuwa na kipima hewa wala winchi. Nilivuta pumzi moja, nikashuka, nikakupandisha begani ngazi kumi na nne. Ghuba nzima inajua. Mashine inaweza hilo? Karatasi ya mafunzo inaweza?

Muulize mbele ya watu, saa ya chakula, wote wasikie: Sölvi akianguka, utaingia? Jibu lake niandikie neno kwa neno. Usilipambe.

Kaka yako,
Ketill


17 Machi

Kaka Ketill,

Salamu kutoka kwa Mama na kwangu. Theluji ilifunga njia, ndiyo maana nimechelewa.

Nilimuuliza kama ulivyotaka. Watu wote walikuwa mezani. Alimaliza kutafuna kwanza, kisha akasema: "Siingii. Hata uniombe kwa jina la mama yangu, siingii. Nikiingia, watatutoa wawili." Gestur aliweka kikombe chini.

Najua ulitegemea nini. Ulitaka nimchukie. Kaka, usiku ule nililala kama gogo, na sasa lazima nikwambie sababu.

Mwaka sabini na tisa ulinitoa. Nitakushukuru hadi naingia kaburini. Lakini ulipofika juu na wewe ulianguka, na Mama alipokuja alitukuta tumelazwa sakafuni sambamba, hatusemi. Alisimama katikati kwa sababu hakujua akimbilie nani. Aliniambia hivyo mara moja tu, jikoni, na hakurudia.

Tangu hapo, nikiwa ndani ya tangi sikuogopa gesi. Nilikuogopa wewe. Nilijua nikinyamaza utashuka. Kuna siku niliitikia kibwagizo chako miguu ikiwa imeshakufa ganzi, nikaimba kwa nguvu usije ukaniona nalegea, nikapanda ngazi nikiimba. Wewe ulidhani nina furaha.

Kwa Svala naweza kunyamaza. Nikinyamaza atanivuta, lakini hatashuka. Samahani.

Mdogo wako,
Sölvi


22 Machi

Sölvi,

Barua imefika. Kwa hiyo miaka sita ulikuwa ukinidanganya kwa mashairi ya babu yetu.

Daktari anasema mwezi mmoja zaidi. Mimi nasema wiki tatu. Nimemwandikia Gestur kwamba nafasi yangu naitaka. Msalimie Mama, na mlinzi wako.

Ketill


Hospitali, Akureyri, 21 Aprili

Kaka yangu,

Sasa mgonjwa ni mimi. Kifua kinauma nikicheka, kwa hiyo usiniandikie utani. Daktari anasema mapafu yatapona.

Nakumbuka mengi, ila si yote. Nakumbuka uliporudi tarehe kumi na moja, kiunoni umefungwa mkanda mpana wa kushikilia mgongo, ukampita Svala bila salamu. Nakumbuka Gestur akikwambia utazame wiki moja kabla hajakuamulia kazi. Tarehe kumi na sita asubuhi ulikuwa umekaa kwenye kreti karibu na mlango, umenuna. Kipima hewa kilisema salama, feni ilikuwa inafanya kazi. Nilikuwa nimeshafika kona ya mwisho, pale tope la msimu mzima lilipoganda, nikazamisha koleo chini yake na kulipindua. Kumbe gesi ilikuwa imejificha mle. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Mama alikuja, nikamuuliza ilikuwaje, akasema muulize Ketill. Gestur naye kasema muulize Ketill. Svala ameleta kadi yenye neno moja, "Pumua", na jina lake.

Siku ya tano leo, na wewe hujaja. Nina swali moja tu na linaninyima usingizi. Uliingia? Kama uliingia, waniambie bila kunificha wewe uko wapi na una hali gani.

Mdogo wako,
Sölvi


27 Aprili

Mdogo wangu Sölvi,

Pole sana. Sikuingia. Niko hapa kwa Mama, nimelala chali, mgongo umeharibika upya, ndiyo maana sijaja. Pumua, niko hai.

Svala alikuita mara moja, hukuitika. Akaita tena, na mkono wake ulikuwa umeshabonyeza king'ora. Mimi mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya mlango. Sikuamua kuuweka, niliukuta pale. Hakunishika, na angenishika ningemwangusha. Alisema, wala hakupandisha sauti: "Ketill, ukishuka, mimi peke yangu sitamaliza kuwavuta. Njoo uzungushe." Akaniwekea mpini wa winchi mkononi.

Nikazungusha. Yeye alilala kifudifudi akiiongoza kamba isikwame ukingoni, akikuita jina lako muda wote kama vile ungeitika. Kila mzunguko nilimchukia. Kitu kikalia mgongoni, nikazidi kuzungusha. Kichwa chako kikatokea kikiwa na rangi ambayo sitaki kuiandika. Akakuvisha barakoa ya hewa usoni na kunisukuma pembeni, na nikakaa pembeni.

Nitakwambia ubaya wangu, kwa sababu wewe uliniambia wako. Ulipokuwa unakufa kule chini, nilitaka mkombozi niwe mimi. Si upone tu. Niwe mimi. Gesi haijawahi kunitisha kama nilivyojitisha mwenyewe siku ile.

Gestur alikuja juzi. Anasema mgongo ukipona nikafundishwe, halafu nirudi mlangoni, na kwamba Svala mwenyewe ndiye aliyependekeza. Jana akaja Svala kumletea Mama samaki, nikajifanya nimelala. Wivu haujaisha, usidhani umeisha. Nikisikia sauti yake jikoni natamani kurusha kikombe.

Nimekubali mafunzo. Nitasimama mlangoni kwa Gestur, kwa vijana wote, hata kwa Svala mwenyewe akitaka kushuka. Kwako sitasimama. Wengine nitawavuta kwa kamba kama inavyotakiwa, lakini wewe ukinyamaza, mguu wangu utaingia tena, na safari ijayo huenda hakuna wa kunizuia. Nimemwambia Gestur mlango wako abaki nao Svala.

Ukirudi, usiniombe nibadili mawazo, maana nitakubali.

Kaka yako,
Ketill