Miwani ya Kijivu Iliyotoka Jorodom

Masakta,
Wilaya ya Hanang,
Manyara.
8 Februari 2026

Mpendwa shemeji Gregory,

Shikamoo yako ya mwaka mpya ilinifikia, nami nakuitikia kwa maandishi: marahaba, mdogo wangu. U hali gani huko Durban? Mgongo ulioumia kwa kubeba maboksi dukani umepona? Kwenye picha uliyotuma umenenepa, mashavu yameanza kumeza macho. Kama ni chakula endelea, kama ni uvimbe nenda hospitali.

Sisi tu wazima. Mvua imenyesha vizuri na maharage yamechanua, ila vitunguu vimepata ukungu. Nashona sare za shule mpaka vidole vinauma. Mama yenu anakusalimu sana. Macho yake yamefifia lakini masikio bado ni yaleyale. Lori likibadilisha gia pale kwenye mlima, ananyanyuka kwenye kigoda, anasikiliza, kisha anasema, "Siyo lake," anakaa tena. Hii ni mara ngapi kwa siku, sihesabu tena.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia barua wakati simu zipo. Simu yangu ni ya nyumba nzima, kila mtoto anaifungua. Halafu haya ninayotaka kukuambia, sauti yangu haiwezi kuyabeba. Mwalimu Ludovika, yule wa kutoka Bukoba anayefundisha hapa, anakwenda Arusha kesho na ataiposti. Nikishamkabidhi siwezi kuikimbilia, ndiyo maana nimechagua njia hii.

Uliuliza ulete miwani gani Pasaka, kwa ajili ya Ezekiel aliye kwenye ulinzi wa shamba la ngano, na Yonas aliyeanza kuvua ziwani Basotu kama baba yake Theodory. Nianze na Ezekiel. Mdogo wako huyo hahitaji miwani mpya. Ile nyeusi nene uliyomtumia ameanguka nayo kwenye pikipiki mara mbili, ng'ombe ameikanyaga, na bado anaivaa hata kanisani mpaka katekista amemwonya. Ina mikwaruzo tu pembeni. Akija kumwamkia Mama huivua haraka, maana Mama alishamwambia hapokei shikamoo ya mtu asiye na macho.

Kuhusu Yonas nitasema mbele. Kwanza nirudie mambo unayoyajua, unisamehe, nataka yakae kwa mpangilio.

Ulituma pea tatu kwa basi, kila moja na karatasi yake imebandikwa kwenye mfuko. Ya kioo cha kahawia, "uvuvi, Theodory." Ya kijivu, "gari, Margwe." Nyeusi, "ulinzi, Ezekiel." Ulikuwa umenieleza kwenye simu kwa muda mrefu, na mimi nilicheka kwamba siku hizi macho nayo yana fundi. Kahawia inakata mng'ao wa maji, mvuvi anaona chini mpaka kwenye mawe. Kijivu haibadilishi rangi za vitu, dereva anaona nyekundu ikiwa nyekundu. Zote hazivunjiki, ulisema, hata gari lipite juu yake.

Mzigo niliuchukua Katesh mimi mwenyewe, siku ya Ijumaa. Nikaufungulia hapa nyumbani, peke yangu.

Shemeji, ile ya kahawia ilikuwa nzuri. Ilikuwa na pindo la dhahabu. Ya kijivu ilikuwa kama ya mwalimu mkuu aliyestaafu. Nikajiuliza kwa nini kizuri kiende kwa mdogo wakati mkubwa yupo. Na nikuambie ukweli wote, nilimwona Justina, mke wa Theodory, akijigamba mbele yangu kwamba mume wake anapendwa na ndugu wa Afrika Kusini. Justina hakuwa amesema neno lolote. Ni moyo wangu tu uliosema. Nikabandua karatasi mbili, nikazibadilisha. Kisha nikachukua kipande cha kitenge changu cha bluu, nikashona kamba nyembamba na kuifunga kwenye ile ya kahawia, ili mume wangu Margwe aining'inize shingoni asiisahau hotelini kama anavyosahau kofia.

Jumamosi Margwe aliondoka amevaa ya kahawia, anajitazama kwenye kioo cha lori kama bwana harusi. Ya kijivu aliiweka kwenye begi ampelekee Theodory, aliyekuwa amepanga chumba Jorodom kwa ajili ya kuuza samaki wake. Akalala huko kwa mdogo wake. Jumapili alfajiri mlima Hanang ukashuka na tope lake juu ya Jorodom.

Mengine unayajua. Siku ya nne walipata mwili mmoja karibu na pale kilipokuwa chumba. Uso haukuwepo wa kutambuliwa, na ndugu hawa wawili urefu ulikuwa mmoja, miguu ileile. Kilichobaki ni miwani shingoni, imejaa tope, nzima. Ezekiel alikupigia simu akiwa pale pale. Akakuuliza ya kahawia ulimtumia nani. Ukajibu bila kusita.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Justina akapiga magoti kwenye tope akasema, "Asante Mungu, nimempata." Ulishawahi kumsikia mtu anashukuru kupewa maiti, shemeji? Nilifunga mdomo, wakamzika Basotu kwa jina la Theodory.

Nilijiambia pengine walibadilishana wenyewe mle chumbani. Siku ya arobaini, nyumbani kwa Justina, niliikuta miwani imeoshwa, inaning'inia kwenye msumari unaotazamana na mlango. Kamba ya kitenge changu ilikuwepo bado. Margwe hakuwa mtu wa kumpa mwingine kitu nilichomshonea. Tangu siku hiyo najua. Mume wangu amelala Basotu kwenye kaburi la mdogo wake, na Theodory hajaonekana.

Siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu. Baadaye nikanyamaza kwa ajili ya Justina na watoto wake. Halafu ikawa nanyamaza kwa sababu nilikwisha kunyamaza. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imekwenda miaka miwili na zaidi. Justina alimaliza matanga, akanyoa, akarudi sokoni. Mimi si mke wala si mjane. Mama ananikataza kuvaa nyeusi, anasema nitamtabiria mwanawe mabaya.

Nimekuwa nakwenda Basotu kupalilia kaburi. Napanda na maua. Watu wameanza kunong'ona, huyu shemeji alimlilia kuliko mke wake, kulikuwa na nini? Waache waseme. Kilichonimaliza ni Justina. Mwezi wa kumi alinikuta nimekaa pale, akaniletea maziwa, akakaa pembeni yangu. "Dada Mectilda," akasema, "wewe hata kaburi huna. Hili ni letu wote wawili. Ukitaka kumlilia Margwe, mlilie hapa." Nikayanywa yale maziwa, shemeji. Sijui yalipitaje.

Naye Yonas huichukua ile miwani msumarini akienda ziwani. Anasema kweli anaona samaki mpaka chini. Siku moja niliona anakuja kutoka kwenye maji, jua nyuma yake, ile kamba ya bluu shingoni, mabega ya ukoo wenu. Niliita jina. Siyo lake. Akaitika tu, "Naam, mama mkubwa," akidhani nimechanganya.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wiki mbili zilizopita watu waliokuwa wanachimba mchanga kwenye korongo, chini ya Jorodom, walipata miwani. Ilipita mkono hadi mkono mpaka ikamfikia Ezekiel. Alikuja hapa anakimbia, machozi na kicheko pamoja. "Shemeji, imeonekana! Ya kijivu! Ya kaka!" Mama alishika ile miwani kwa mikono miwili, akaipapasa, akauliza kama mwenyewe yuko nyuma anakuja.

Ulisema hazivunjiki, na kweli haijavunjika. Natamani ingekuwa imesagika.

Wazee wamekaa, wameamua. Jumamosi tarehe 28 tutazika ile miwani hapa Masakta, iwe ndiyo mwili wa Margwe, ili Mama apumzike. Na wewe Pasaka unakuja na jiwe la kaburi la Basotu lenye jina la Theodory. Yaani mwezi huu nitazika hapa kitu cha Theodory kwa jina la mume wangu, na Pasaka ijayo utamsimamishia mume wangu jiwe kwa jina la Theodory. Nitasimama kwenye yote mawili na kuimba.

Siwezi.

Tangu iletwe iko mezani karibu na cherehani. Nimeifunika kwa kitambaa, lakini najua inanitazama. Jana mchana nyumba ikiwa tupu niliifunua, nikaivaa, nikatoka mlangoni. Nilidhani nitaona giza. Lakini majani yalikuwa ya kijani, udongo mwekundu, mlima ule ule na kovu lake, kila kitu na rangi yake, kama ulivyonieleza. Nikakaa chini pale kizingitini nikalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tope lishuke.

Jumanne nakwenda Basotu. Nitampa Justina miwani ya mumewe mkononi, nitamwambia ilivyokuwa, kuanzia zile karatasi. Ninamrudisha mahali pale pa tope alipopigia magoti, na safari hii hana cha kushukuru. Nikirudi nitamwambia Mama asinyanyuke tena kwenye kigoda. Sijui ni lipi litakalonishinda. Kama watanifukuza kwenye ukoo, nitaelewa. Kama watafukua au wataacha, waamue wao, mimi sitadai kitu.

Kwako naomba mawili. Usichonge jiwe mpaka usikie kutoka kwa wazee. Na usijilaumu kwa lile jibu la kwenye simu. Uliulizwa ukasema kweli uliyoijua. Uongo ulikuwa kwenye gundi.

Yonas mletee ya kahawia, kama ile ile, maana ya msumarini nitamwomba Justina anirudishie. Lakini usiandike kwenye karatasi. Mwambie fundi achonge jina ndani ya mkono wa miwani, kwa chuma, lisiweze kubanduka.

Msalimie mkeo na mtoto, na yule mzee wa Singida anayekukatia nywele. Ezekiel anakusalimu, hajui nimeandika. Mama anakubariki, anasema ukiendesha usiku usimpite mtu barabarani bila kumtazama uso. Mungu akulinde ufike salama, utukute bado tunaitana ndugu.

Nakupenda kama siku ile ulipobeba sanduku langu nikiolewa.

Ni mimi shemeji yako,
Mectilda,
mjane wa Margwe aliyezikwa Basotu.