Ncha za Boriti

Bwera, 4 Machi 2025

Mwanangu Asmah,

Amani ya Mungu iwe nawe, na saumu yako iwe nyepesi. Unaendeleaje na joto la Kasese? Sisi huku tuko wazima, ila magoti yangu yamezeeka kabla yangu, na masikio ndiyo kabisa. Kwenye simu nasikia upepo tu, ndiyo maana nimempa Ukasha, dereva wa taxi, karatasi hii akuletee.

Nimepata kazi ya ufundi kwenye daraja jipya la miguu. Nilipofungua mchoro nikaona jina lako chini. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikalitazama. Marehemu baba yako angekuwa hai, ningempelekea akaone.

Kuna jambo nauliza. Mchoro unaonyesha boriti mbili za chuma, mita tisa, lakini hausemi ncha zinashikwa na nini. Mkandarasi ametuamuru tuzilaze juu ya kuta za mawe zilizobaki za daraja la zamani. Tuzilaze tu. Ni sawa?

Baba yako mdogo,
Aziz

*

Kasese, 8 Machi 2025

Baba Mdogo,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, nimechoka tu. Umeme unakatika kila mchana na kazi zinarundikana. Magoti unayakanda?

Swali lako limeniondolea usingizi wa mchana. Kwenye kompyuta boriti ni mstari. Nauchora, naukata vipande vidogo, naueleza ni chuma gani, kisha naambia programu kila ncha imeshikwaje: imebanwa isigeuke, au imekaa tu. Baada ya hapo inanionyesha boriti itapinda wapi na kiasi gani.

Mimi niliiambia zimebanwa.

Boriti iliyolazwa tu, chini ya mzigo uleule, inashuka katikati mara tano zaidi. Tafadhali msiendelee mpaka niongee na bosi wangu, Injinia Nobert.

Mwanao,
Asmah

*

Bwera, 13 Machi 2025

Mwanangu Asmah,

Salaam nyingi. Nimeshukuru kusikia u mzima, hata kama umechoka. Hapa sote tumechoka. Njaa ya mchana na jua.

Barua yako ilinikuta boriti zimeshalazwa na mbao zimepigwa. Nilimwambia mkandarasi. Alikuwa jeshini zamani, bado anaongea vile. Akasema, "Wewe mzee iko fundi ama injinia? Kazi! Maliza!"

Wenzangu walipokwenda kupumzika nilifunga uzi wa kuvulia samaki chini ya boriti, kutoka ukuta hadi ukuta, nikauvuta ukakaza, nikapima nafasi kati yake na boriti. Kisha nikapanga mifuko arobaini ya saruji juu ya mbao, mmoja mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mgongo wangu bado unalia. Boriti zimeshuka sentimita mbili na milimita tatu.

Kompyuta yako inasemaje?

Baba yako mdogo,
Aziz

*

Kasese, 24 Machi 2025

Baba Mdogo,

Nakuamkia shikamoo, na pole sana kwa mgongo. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta ujasiri.

Niliingiza mifuko yako arobaini. Hesabu niliyopeleka ofisini inasema nusu sentimita. Nilipobadilisha ncha zikawa za kukaa tu, ikatoa sentimita mbili na milimita tatu. Kisha nikajaza watu daraja zima, kama siku ya soko. Zinashuka karibu sentimita nane, na chuma kinapita kipimo chake cha usalama.

Kosa ni langu. Nilichukua faili la boriti za sakafu ambazo ncha zake zilikuwa ndani ya zege, nikabadilisha urefu, basi. Ilikuwa kazi ya nne wiki ile. Rangi kwenye skrini zilikuwa nzuri, nikaenda nyumbani. Sikuuliza mtu yeyote.

Injinia Nobert amesema, "Acha lifunguliwe Jumamosi. Baadaye tutaweka kiegemeo." Nikamwuliza, "Na wakijaa siku hiyohiyo?" Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Ndani ya bahasha hii kuna barua kwa mwenyekiti wa kamati ya daraja, Mama Teopista. Nimeeleza yote na kuweka jina langu. Mpe mkononi.

Mwanao,
Asmah

*

Bwera, 3 Aprili 2025

Mwanangu Asmah,

Heri ya Idi, japo imechelewa. Umekula nini? Ulikuwa na nani?

Mama Teopista aliisoma barua yako Jumamosi mbele ya watu wote, mahema yamesimama, mkandarasi amevaa suti. Akanigeukia: "Mzee Aziz, ni kweli?" Nikasema ni kweli, nimepima mwenyewe. Wakafunga daraja kwa magogo.

Sitakuficha. Mvua imeanza na watu wanavuka majini. Mama mmoja aliyebeba mihogo alinipigia kelele njiani: "Mutoto yenu amesoma, sisi tunapita kwa maji!" Nilimshikia mzigo hadi ng'ambo.

Mkandarasi amenifukuza. Kamati inataka nimalizie kazi, na inauliza kama nguzo moja ya mawe katikati itatosha.

Baba yako mdogo,
Aziz

*

Kasese, 12 Aprili 2025

Baba Mdogo,

Natumaini mvua haijakuumiza. Mimi afya ninayo. Kazi sina tena, niliambiwa Jumatatu.

Nguzo moja inatosha. Nimeingiza ncha zote zikiwa za kukaa tu, na safari hii nitakuja kwanza kuona mwamba wa chini, kabla hujaweka jiwe lolote. Maji yakipungua niite.

Yule mama wa mihogo ana haki ya kukasirika.

Mwanao,
Asmah

*

Bwera, 1 Agosti 2025

Mwanangu Asmah,

Je, ulifika salama huko Kasese? Miguu iliyokatwa na mawe ya mtoni imepona? Shangazi zako wanakusalimu. Wanasema umekonda.

Daraja limefunguliwa jana, nguzo tuliyoijenga ikiwa katikati. Hapakuwa na hema wala hotuba. Mama Teopista aliondoa magogo, akavuka, akarudi, akaenda zake sokoni. Kisha watu wakaanza kupita na mizigo yao. Hakuna aliyetazama chini. Hakuna aliyetaja jina langu wala lako, kwa mema wala kwa mabaya.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri nikiwatazama wanavyopita. Halafu nikasikia uchovu wa miezi yote umenishukia kwa pamoja, nikaenda nyumbani, nikalala.

Baba yako mdogo,
Aziz