Dishi Limeelekea Kwako

Kaka yangu,

Sisi hatujambo, ni cherehani ya Mama tu inayosumbua. Ukiipata barua hii, nijibu hata mstari mmoja.

Najua ulitukataza kununua dishi, ukasema ni kupoteza hela. Lakini kila ukiandika unasema huko shwari, na Mama akataka aione mwenyewe televisheni ya huko. Fundi alituambia madishi madogo ya bei nafuu hayashiki upande wako, bora tuchukue kubwa la mtumba. Limebonyea ukingoni, ila linashika.

Jumamosi tulikuwa juu ya bati, fundi analigeuza taratibu, mimi napiga kelele, "Imekuja?"

Mama anajibu kutoka sebuleni, "Bado, chenga tupu!"

Tukageuza tena kidogo. "Imekuja?"

"Amekuja!"

Fundi akacheka. "Eti amekuja! Picha imekuwa mtu?"

Mimi sikucheka. Nilishuka mbio, nusura nivunjike mguu. Ilikuwa taarifa ya habari. Askari walikuwa wanapakia watu kwenye lori, na mmoja, aliyeinamishwa kichwa, alivaa shati la kijani lenye mfuko mwekundu. Unakumbuka kitambaa cha kijani kilivyomwishia Mama alipokushonea lile lako.

Kaka, kama shati ulimpa mtu, sema tu. Mama hatanuna.

Jana fundi alirudi aligeuze dishi, atutafutie stesheni za mpira. Mama alimzuia mlangoni.

"Ukilisogeza," alimwambia, "mwanangu atashukia wapi?"

Ni mimi,
mdogo wako